Jinsi ya Kuishawishi Serikali Iwawekee Vikwazo Majenerali wa Myanmar: Mwongozo Kamili kwa Raia wa Kawaida

Jeshi la Myanmar lilipotwaa madaraka tarehe 1 Februari 2021 na kumkamata Aung San Suu Kyi pamoja na viongozi wenzake wa chama kilichokuwa kimeshinda uchaguzi wa Novemba 2020, serikali nyingi za Magharibi zilitoa matamko ya kulaani mara moja. Tamko halimgharimu mtu kitu. Vikwazo vinamgharimu anayeviweka, kwa sababu vinagusa benki zake, kampuni zake na uhusiano wake na nchi rafiki, na ndiyo maana mara nyingi haviwekwi mpaka wapatikane watu wa kusukuma. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao, hasa msomaji wa Kiswahili mwenye kura au makazi Marekani, Uingereza, Kanada au Umoja wa Ulaya, na kwa sehemu msomaji aliyeko Afrika Mashariki.

Wapo watakaouliza Mswahili ana habari gani na Myanmar. Wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni huku Afrika Mashariki, walipigana huko mwaka 1944, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, na soko la Burma jijini Nairobi linabeba kumbukumbu hiyo hadi leo. Katika miaka hii ya karibuni, vijana kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wamedanganywa kwa ahadi za kazi Thailand, wakavushwa mpaka na kufungiwa katika kambi za utapeli wa mtandaoni za Myawaddy, ambako wanamgambo wenye uhusiano na jeshi ndio wanaolinda malango. Na katika miji kama Buffalo, jimbo la New York, wakimbizi kutoka Myanmar na wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wanaishi mtaa mmoja na kuwakilishwa na mbunge mmoja. Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Hatua ya kwanza: zifuate fedha kabla ya kuandika barua

Vikundi vipya huanza na hasira, navyo vina haki ya kuwa nayo, lakini ofisi unayokwenda kuishawishi inataka hesabu. Utawala wa kijeshi unahitaji fedha za kigeni, kwa kuwa ndege za kivita, vipuri na mafuta ya ndege havinunuliwi kwa kyat ya Myanmar. Kazi yako ya kwanza ni kujua fedha hizo zinaingia kupitia wapi na zinatoka kupitia wapi.

Gesi asilia ndiyo inayoongoza. Kampuni ya serikali iitwayo Myanma Oil and Gas Enterprise, yaani MOGE, hupokea mapato ya visima vya baharini ambavyo gesi yake nyingi husafirishwa kwa bomba hadi Thailand na China. Baada yake zinakuja kampuni hodhi mbili za jeshi, MEHL na MEC. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliripoti mwaka 2019 kwamba hizo mbili zilimiliki biashara zisizopungua 120, kuanzia viwanda vya bia na saruji hadi benki na machimbo ya vito. Kisha zipo benki za serikali zinazoshughulikia fedha za kigeni, hasa Myanma Foreign Trade Bank na Myanma Investment and Commercial Bank, ambazo Marekani iliziwekea vikwazo Juni 2023.

Upande wa matumizi, andiko la kusoma kwa makini ni ripoti ya Mei 2023 ya Tom Andrews, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za binadamu nchini Myanmar. Alionyesha kwamba tangu mapinduzi jeshi lilikuwa limeingiza silaha na vifaa vinavyohusiana nazo vya thamani isiyopungua dola bilioni 1, na akazitaja nchi ambako biashara hiyo ilifanyika: Urusi dola milioni 406, China milioni 267, Singapore milioni 254, kisha India na Thailand. Msomaji mvivu huishia kwenye Urusi na China, akaona hakuna la kufanya. Msomaji makini huitazama Singapore, kwa kuwa ni nchi inayojali sifa ya benki zake. Serikali ya Singapore ilichunguza kampuni zilizotajwa, na ripoti ya mwaka uliofuata ikaonyesha kuwa mauzo kupitia kampuni zilizosajiliwa huko yalishuka kutoka zaidi ya dola milioni 110 kwa mwaka hadi takribani milioni 10. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha biashara ikihamia Thailand. Mambo hayo mawili yatamke pamoja unapozungumza na mbunge, la sivyo msaidizi wake ataligundua la pili mwenyewe na kuacha kukuamini.

Kwa kazi hii utategemea sana asasi zilizokwisha kuchimba nyaraka, kama Justice For Myanmar na Burma Campaign UK, pamoja na nyaraka za Umoja wa Mataifa. Picha na madai yanayozunguka mitandaoni bila chanzo yaache huko huko.

Hatua ya pili: omba jambo moja, lenye jina

Hapa ndipo kampeni nyingi hufa. Barua isemayo “tunaomba serikali iwekee Myanmar vikwazo vikali” itajibiwa kwa ukurasa wa maneno ya heshima kueleza kwamba serikali inafuatilia hali kwa karibu na tayari imeshaweka vikwazo. Jibu hilo litakuwa la kweli, nawe hutakuwa na la kusema. Barua inayotaja kampuni, sheria inayoruhusu hatua na afisa anayepaswa kutia saini inamlazimu msomaji wake aseme ndiyo, hapana, au kwa nini bado.

Ipo pia sababu ya kiutu ya kuomba jambo jembamba. Sisi wa ukanda huu tunayo kumbukumbu ya karibu. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi tarehe 25 Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha siku chache baadaye na kuifungia nchi nzima mipaka ya biashara. Vikwazo vile vilisitishwa Januari 1999. Vilimsukuma Buyoya kuelekea mezani, hilo halina ubishi, lakini bei za vitu zilipanda kwa wanyonge huku wenye mkono katika magendo ya mafuta wakitajirika. Myanmar nayo ina mfano wake: Marekani ilipopiga marufuku bidhaa zote kutoka huko mwaka 2003, baada ya msafara wa Aung San Suu Kyi kushambuliwa Depayin, viwanda vya nguo vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wasichana, wakapoteza ajira, ilhali fedha za gesi ziliendelea kuingia kwa majenerali. Kwa maoni yangu, anayeomba vikwazo vya jumla leo hajasoma historia hiyo, au ameisoma na haoni inamhusu.

Mfano mzuri wa ombi jembamba ni lile la MOGE. Kuanzia wiki za kwanza za mapinduzi, wanaharakati wa Myanmar na marafiki zao Ulaya na Marekani walidai kitu kimoja: mapato ya gesi yasifike mikononi mwa jeshi. Katika kisima cha Yadana, kampuni ya Ufaransa Total ilikuwa na hisa asilimia 31.24, Chevron ya Marekani asilimia 28.26, PTTEP ya Thailand asilimia 25.5 na MOGE asilimia 15. Total na Chevron hazikutaka kuondoka. Shinikizo la wanahisa, wapiga kura na vyombo vya habari liliendelea mwaka mzima, na Mei 2021 malipo ya gawio la kampuni ya bomba yalisitishwa. Tarehe 21 Januari 2022 kampuni zote mbili zilitangaza kuondoka, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Februari 2022, Umoja wa Ulaya uliiingiza MOGE katika orodha yake ya vikwazo. Marekani ilichelewa hadi tarehe 31 Oktoba 2023, tena ilizuia huduma za kifedha tu badala ya kufungia mali zote. Tofauti hiyo kati ya Ulaya na Marekani ni ombi lililokwisha kuandikwa, linamsubiri mpiga kura wa Marekani alibebe.

Ombi la pili linalofaa ni la mafuta ya ndege. Tarehe 11 Aprili 2023 jeshi lilishambulia kwa ndege mkusanyiko wa wanakijiji wa Pazigyi, mkoani Sagaing, na watu zaidi ya 160 wakauawa, watoto wakiwemo. Ndege hairuki bila mafuta, na mafuta yake hufika kwa meli, na meli ina mwenyewe, ina bima na ina bandari ilikopakia. Kila mmoja kati ya hao anaweza kuwa na ofisi katika nchi unayoishi. Kanada ilipiga marufuku biashara hiyo mapema mwaka 2023, na Marekani ikapanua mamlaka yake ya kuwabana wafanyabiashara wa mafuta ya ndege Agosti mwaka huo. Puma Energy, ambayo vituo vyake vya mafuta wasomaji wa Tanzania wanavipita kila siku, ilitangaza kujitoa Myanmar mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya asasi za haki za binadamu kuimulika ghala ya mafuta ya ndege iliyokuwa na hisa ndani yake huko Thilawa.

Hatua ya tatu: mjue mwenye kalamu

Nchini Marekani wapo wawili wenye kalamu. Rais na Wizara ya Fedha wanaweza kumwekea mtu au kampuni vikwazo bila kwenda bungeni, chini ya sheria ya mwaka 1977 ya mamlaka ya dharura ya kiuchumi na amri ya Rais namba 14014 ya Februari 2021. Bunge nalo linaweza kutunga sheria ya kuwaruhusu au kuwalazimisha wafanye hivyo. Kwa sehemu kubwa unamtumia mbunge wako ili aiandikie Wizara, aulize swali katika kikao cha kamati, au atie jina lake katika muswada. Miswada ya vikwazo mara chache hupita peke yake. Sheria inayoitwa BURMA Act ilipita Desemba 2022 ikiwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti ya ulinzi, na safari hiyo ikaipunguzia makali, kwa kuwa toleo la mwisho liliacha suala la MOGE mikononi mwa Rais badala ya kumlazimisha. Sheria ya ulinzi huandaliwa miezi mingi kabla ya Desemba, kwa hiyo anayepiga simu Novemba amekwisha kuchelewa. Piga hodi Machi na Aprili.

Uingereza huweka vikwazo kwa kanuni za waziri chini ya sheria ya mwaka 2018 ya vikwazo na utakatishaji wa fedha, na Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo inayoamua nani aorodheshwe. Mbunge wa huko hushughulikia wakazi wa jimbo lake tu. Ukimwandikia mbunge wa jimbo jingine kwa sababu ni maarufu, barua yako itarudishwa kwa wako. Petisheni ya mtandaoni ya Bunge hupata jibu la serikali ikifikisha saini 10,000, na hufikiriwa kujadiliwa ikifikisha 100,000, ila saini hizo hazina uzito wa mazungumzo ya dakika kumi siku mbunge anapoonana na wananchi wake, aghalabu Ijumaa au Jumamosi.

Kanada ina sheria ya hatua maalumu za kiuchumi na ile ya mwaka 2017 ya kuwabana maafisa wa kigeni wala rushwa na wavunjaji wa haki. Petisheni ya mtandaoni ya Bunge lake inahitaji saini 500 tu, na serikali hutakiwa kuijibu ndani ya siku 45. Ni chombo kizuri kwa kikundi kidogo, kwa sababu jibu hilo huingia katika kumbukumbu za Bunge na unaweza kulinukuu baadaye.

Umoja wa Ulaya ni mgumu zaidi. Uamuzi wa vikwazo hupitishwa na nchi zote 27 kwa kauli moja, na kwa hiyo Bunge la Ulaya linaweza kupitisha azimio zuri lisilomfunga mtu. Ukiwa Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji, ofisi yako ni wizara ya mambo ya nje ya nchi unamoishi, na swali lako kwake ni moja: je, nchi yetu imeunga mkono kuorodheshwa kwa kampuni hii, au ni miongoni mwa zinazozuia?

Hatua ya nne: kusanya wapiga kura wa jimbo moja

Kikundi cha watu kumi na wawili wanaoishi katika jimbo moja kina nguvu kuliko orodha ya majina elfu kutoka dunia nzima. Msaidizi wa mbunge huuliza swali la kwanza akilini mwake hata kama hatalitamka: watu hawa wanampigia kura bosi wangu? Kwa hiyo tafuta watu kwa ramani. Wakimbizi wa Kachin, Chin, Karen na Rohingya, makabila ya Myanmar, waliopata uraia ndio wenye shauri, nao ndio watangulie kusema. Pembeni yao wawepo padri au imamu, mwalimu, mwenye duka, mkongwe wa jeshi, na jirani Mkongo au Mrundi ambaye mwenyewe amewahi kuishi chini ya bunduki. Mbunge aliyezoea kuona jumuiya moja ikijitetea hushangaa kuona jumuiya mbili zisizo na undugu zikija na ombi moja.

Mkiwa mmechanganyika hivyo, kubalianeni mapema ni nani anayezungumza kwa niaba ya nani. Myanmar ina makabila mengi yenye majeraha yao. Mrohingya hatasahau kwamba mwaka 2019 Aung San Suu Kyi alikwenda The Hague kulitetea taifa lake katika kesi ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa na Gambia. Msitatue ugomvi huo mbele ya mbunge. Ombi lenu linahusu fedha za jeshi, na katika hilo mtakuta mnakubaliana.

Hatua ya tano: andika ukurasa mmoja, na barua fupi kuliko huo

Ukurasa wa maelezo una sehemu tatu: tatizo kwa aya moja, ushahidi kwa mambo matatu au manne yenye tarehe na chanzo, na ombi. Ombi liwe juu, mara baada ya kichwa, kwa sababu wengi hawafiki chini. Barua ya mpiga kura ni fupi zaidi na lazima iandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Ofisi huzitambua barua zinazofanana na huzihesabu bila kuzisoma. Kwa Kiswahili, kabla ya kutafsiriwa, barua ya mkazi wa Buffalo ingekuwa hivi:

“Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wa jimbo lako na ninafanya kazi ya uuguzi hapa Buffalo. Naomba umwandikie Waziri wa Fedha ukimtaka aiweke Myanma Oil and Gas Enterprise katika orodha ya vikwazo kamili. Agizo la tarehe 31 Oktoba 2023 linazuia huduma za kifedha tu, wakati Umoja wa Ulaya ulikwisha kufungia mali za kampuni hiyo tangu Februari 2022. Mapato ya gesi ndiyo yanayolisaidia jeshi kununua mafuta ya ndege zinazopiga vijiji. Naomba ofisi yako inijulishe ndani ya wiki tatu kama utaandika barua hiyo.”

Barua hiyo haina tusi wala haielezi historia ya Myanmar tangu mapinduzi ya Ne Win ya mwaka 1962, na mpokeaji wake anaweza kuifanyia kazi siku hiyo hiyo. Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo watu huisahau.

Hatua ya sita: kikao chenyewe

Omba kikao na msaidizi anayeshughulikia mambo ya nje, usisubiri mbunge mwenyewe. Mara nyingi atakuwa kijana aliyebeba mafaili ya nchi hamsini, na ukimsaidia kuielewa moja atakukumbuka. Mtapewa dakika 20 au 30. Gaweni kazi: mmoja wa kufungua na kutaja ombi katika dakika ya pili, mmoja wa kueleza yaliyomkuta, mmoja wa kujibu maswali ya kisheria, na mmoja wa kuandika. Anayetoa ushuhuda asizidi dakika nne, na asilazimishwe kusimulia asichotaka kukisimulia. Nimekwisha kuona kikao kizima kikimezwa na mzee mmoja mwenye machungu ya haki, muda ukaisha kabla ombi halijatajwa, na hakuna aliyethubutu kumkatiza kwa sababu ya umri wake. Dawa yake ni kumpa mzee heshima ya kufungua kikao kwa maneno mafupi mliyokubaliana naye kabla.

Mtaulizwa kama vikwazo hivi vitawaumiza raia wa kawaida. Jibuni kwamba ndiyo sababu hamuombi vikwazo vya nchi nzima, mtaje mfano wa viwanda vya nguo wa mwaka 2003, kisha mwonyeshe kwamba mapato ya MOGE hayapiti mfukoni mwa mkulima. Mtaulizwa kama Thailand, inayotumia gesi ile, itazimikiwa na umeme. Jibuni kwamba gesi inaweza kuendelea kutiririka huku malipo yakizuiliwa katika akaunti maalumu, jambo ambalo wanaharakati wenyewe walilipendekeza. Mtaambiwa pia kwamba China na Urusi zitaziba pengo. Hapo someni mfano wa Singapore, pamoja na ule wa Thailand. Swali msilolijua jibu lake, semeni mtalileta kwa maandishi, na mlilete kesho yake.

Msitoke bila kuuliza: “Je, tumrudie nani, na lini?” Jioni hiyo hiyo tumeni barua ya shukrani yenye ukurasa wenu na ahadi iliyotolewa, iliyoandikwa kwa maneno ya aliyeitoa.

Hatua ya saba: kampuni, vyuo na miji

Serikali ikigoma, zunguka upande. Kampeni ya Myanmar ya miaka ya 1990 ilijengwa vyuoni, na wanafunzi wa Marekani waliibana PepsiCo kupitia mikataba ya vinywaji ya kumbi za chakula mpaka ikajitoa Myanmar mwaka 1997. Walikuwa wamejifunza kwa kampeni ya kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, ambayo nayo ina mkono wetu ndani yake: Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa wazungumzaji London tarehe 26 Juni 1959, siku ulipozinduliwa mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini.

Jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 1996 sheria ya kuzibagua katika zabuni zake kampuni zilizofanya biashara na Myanmar, na kampuni kadhaa kubwa, Apple na Motorola zikiwemo, zilijiondoa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja, kwa hoja kwamba sera ya vikwazo dhidi ya nchi ya kigeni ni ya serikali kuu. Kwa hiyo usiiombe halmashauri ya mji itunge vikwazo vyake yenyewe. Iombe ipitishe azimio la kuihimiza serikali kuu, au uombe mfuko wa pensheni uuze hisa zake kwa sababu za kiuwekezaji, na mpate wakili kabla ya kuandika rasimu.

Sheria na usalama

Kumwandikia mbunge ni haki, na nchini Marekani mkazi asiye raia anayo pia. Mipaka ipo kwingine. Asasi ya hisani isiyolipa kodi inaruhusiwa kushawishi kwa kiasi, ila haiwezi kumpigia debe mgombea. Jambo zito zaidi ni sheria ya mwaka 1938 ya mawakala wa nchi za kigeni: mtu anayeishawishi serikali ya Marekani kwa maelekezo, ombi au fedha za serikali au chama cha kigeni anaweza kutakiwa kujisajili, hata kama chama hicho ni cha wapigania demokrasia. Serikali ya Umoja wa Kitaifa inayoupinga utawala wa kijeshi wa Myanmar inaweza kuangukia humo. Uingereza nayo ilianza mfumo wake wa usajili tarehe 1 Julai 2025. Shaurianeni na wapinzani wa Myanmar, wasikilizeni, lakini maamuzi na fedha za kikundi ziwe zenu, na kumbukumbu za vikao zionyeshe hivyo.

Kuhusu usalama, jeshi limezoea kuwaadhibu jamaa waliobaki nyumbani kwa kukamata watu na kutwaa nyumba. Hakuna picha ya kikao kuwekwa hadharani bila idhini ya kila aliyemo, iliyotolewa faraghani na si mbele ya kundi ambako ni vigumu kukataa. Orodha ya wanachama isikae katika kundi la WhatsApp.

Ukiwa Afrika Mashariki

Nchi zetu kwa kawaida hutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa badala ya kuweka vya kwao dhidi ya nchi za mbali, na Baraza la Usalama halijaiwekea Myanmar marufuku ya silaha kwa sababu ya kura za turufu zinazonuka hata kabla hazijapigwa. Lakini kura ya nchi ina maana. Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka 2021 na 2022, na ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizopitisha azimio namba 2669 la tarehe 21 Desemba 2022, la kwanza la aina yake kuhusu mgogoro huo, huku China, Urusi na India zikijizuia kupiga kura. Raia wa Kenya anaweza kuwasilisha ombi Bungeni chini ya ibara ya 119 ya Katiba, na kamati hutakiwa kulijibu.

Mchango mkubwa zaidi kutoka huku ni ushuhuda. Vijana waliotoroka au kuokolewa katika kambi za Myawaddy wanajua nani alilinda lango, gari la nani liliwachukua na malipo yalipitia akaunti gani. Mei 2025 Marekani iliwawekea vikwazo wanamgambo wa Karen National Army pamoja na kiongozi wake Saw Chit Thu na wanawe wawili, kwa sababu ya kambi hizo hizo. Maelezo yaliyoandikwa vizuri, yenye tarehe na nakala za ujumbe wa simu, yakipelekwa kupitia asasi inayoaminika inayojua kulinda utambulisho wa shahidi, yanaweza kuongeza majina mengine katika orodha hiyo.

Baada ya vikwazo kuwekwa

Usivunje kikundi siku ya ushindi. Julai 2025 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwaondoa katika orodha watu na kampuni kadhaa zilizokuwa zimebanwa kwa uhusiano wao na jeshi. Utawala wa kijeshi nao hubadilisha mavazi: uchaguzi wa awamu ulioanza tarehe 28 Desemba 2025, bila chama kilichoshinda mwaka 2020, ulikusudiwa kuzipa serikali za nje sababu ya kulegeza.

Wekeni tarehe mbili katika kalenda ya kikundi. Hali ya dharura ambayo juu yake vikwazo vya Marekani vimesimama huhitaji kuhuishwa na Rais kila mwaka kabla ya tarehe 10 Februari, kwa hiyo barua zenu zifike kabla Januari haijaanza. Vikwazo vya Umoja wa Ulaya vimekuwa vikihuishwa kwa mwaka mmoja mmoja hadi tarehe 30 Aprili, na mazungumzo ya nchi wanachama hutangulia kwa wiki kadhaa. Ombeni kikao na wizara mwezi Februari, mkiwa na majina mapya ya kuongeza na sababu za kutoondoa ya zamani, kila jina kwa ukurasa wake.